Faini ya mkaa inavyoweza kumfungia kijana ajira

KWA wakazi wengi wa vijiji vinavyouzunguka msitu wa hifadhi wa Ruvu Kusini, ulioko kati ya Kibaha na Kisarawe, mkaa ni fedha ya haraka. Korosho ina msimu wake na muhogo husubiri mvua, lakini gunia la mkaa lina mteja Dar es Salaam kila siku.

Tatizo huanza pale kijana anapokamatwa na magunia yasiyo na leseni wala hati ya kusafirishia, maarufu kama TP. Akifikishwa mahakamani kwa Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002, hukiri kosa, ndugu wakachanga faini, na jioni akarudi nyumbani. Hesabu inayopigwa hapo ni ya faini na mkaa uliotaifishwa. Gharama kubwa zaidi haimo: aliyekiri na kulipa faini ametiwa hatiani, sawa na aliyekana akashindwa kesi.

Gharama hiyo hujitokeza baadaye. Matangazo ya ajira ya Jeshi la Polisi, kwa mfano, hutaka mwombaji asiwe na kumbukumbu za uhalifu. Mwajiri mwingine humtuma akachukuliwe alama za vidole.

Cha kushangaza, anayetaka ubunge huulizwa kwa upole zaidi. Ibara ya 67 ya Katiba hutazama kama kosa lilihusu utovu wa uaminifu, na kipengele kimoja huishia kwenye miaka mitano kabla ya Uchaguzi Mkuu. Uingereza, tangu sheria yao ya mwaka 1974, makosa mengi madogo huacha kuhesabiwa baada ya muda. Mchoma mkaa wa Kisarawe naye angestahili kipimo cha namna hiyo.

Kwa sasa, ipo njia ambayo wengi hawaiulizii. Sheria ya Misitu inaruhusu kosa kufifilishwa: mkosaji anakiri, analipa, na shauri haliendi mahakamani. Si rahisi kwa mfuko, lakini hakuna hukumu. Stakabadhi ya Serikali ni lazima. Fedha isiyo na stakabadhi ni rushwa, kosa jingine zito kuliko la mkaa.

Aliyekwisha kuhukumiwa aombe mahakamani nakala ya hukumu na kuitunza pamoja na vyeti vya shule. Siku ya usaili, karatasi hiyo itaonyesha kuwa kosa lilikuwa magunia ya mkaa, si wizi.