Kumbikumbi wa Sigalame na kamba wa Pwani ni jamaa

Wapwani wenzangu wakifika huku Sigalame, kaunti ya Busia, hushangaa kuona kumbikumbi wakikaangwa baada ya mvua na kuliwa kwa ugali. Mimi huwaambia: hawa ni jamaa wa kamba na kaa tunaowala nyumbani.

Tazama miili yao. Samaki, kuku na binadamu tuna mifupa ndani, nyama ikiizunguka. Mifupa hiyo ni hai, hukua pamoja nasi. Kaa, kamba na kumbikumbi hawana mfupa hata mmoja. Gamba la nje ndilo linalowashikilia, na misuli imejishika kwa ndani yake. Gamba hilo halitanuki, hivyo kaa akikua hulivua, akabaki laini mpaka jipya ligumu.

Kasa asikuhadae. Gamba lake limeungana na mbavu na uti wa mgongo; hawezi kulivua akatoka.

Ujamaa huu una hatari yake. Mtu mwenye mzio wa kamba, yule ambaye akila huwashwa mwili au huvimba midomo, anaweza kudhurika na kumbikumbi pia, kwa sababu protini za misuli yao zinafanana. Kuwakaanga hakuondoi hatari hiyo.

Basi ndugu zangu, kabla ya kumkaribisha mgeni sahani ya kumbikumbi, muulize kwanza: kamba unakula? Na mtu akila kisha pumzi zikambana, msingoje. Apelekwe hospitali mara moja.