Kabla hujapanda boda na huo mtungi

Hebu chunguza mtungi wako wa gesi, wewe wa bedsita kule Milimani, Kitale, au Kanduyi, Bungoma. Kwenye kola ya chuma umegongwa uzito wake ukiwa mtupu na, mara nyingi, tarehe ya kupimwa. Wengi wetu tunaangalia rangi na bei tu.

Mtungi huchoka. Kutu hula kitako, vali hulegea. Ndiyo maana mwenye chapa anatakiwa kuupima upya: unajazwa maji, yanasukumwa kwa shinikizo kubwa, na ukivuja au kuvimba haurudi sokoni. (Ajabu ni kwamba kwa mitungi ya urani iliyorutubishwa, inayopimwa kila miaka 5, maji hayo hayo ndiyo hatari. Mabaki yakiwa mengi ndani, maji huweza kuchochea mmenyuko wa nyuklia, kwa hivyo mabaki hupimwa kwanza.)

Anayejaza gesi kichochoroni hana habari na hayo yote. Embakasi, usiku wa Februari 1, 2024, gesi ililipuka mahali ambapo EPRA ilisema ilikuwa imekataa kutoa kibali mara 3 mwaka 2023.

Ukifika dukani sema, "Boss, weka kwa mizani." Ukitoa uzito uliogongwa, mtungi mdogo ubaki na kilo 6. Sili ikiwa imechezewa, achana nao hata ukipunguziwa soo. Nyumbani, paka maji ya sabuni kwenye vali. Ukiona mapovu, funga, utoe mtungi nje, na usiguse swichi ya stima.