Chombo cha maji kikivunjwa, deni la dizeli hudaiwa kwa nani?

KATIKA kata ya Mahurunga, Mtwara Vijijini, kando ya Mto Ruvuma, msimu wa fedha ni msimu wa korosho. Tangu 2007/08 zao hilo huuzwa mkoani kwa stakabadhi ghalani, na minada kwa kawaida huanza Oktoba. Kabla ya hapo biashara nyingi huenda kwa mali kauli, na pampu ya maji nayo hunywa dizeli ya mkopo.

Muuzaji anayekopesha chombo cha maji cha namna hiyo ajue kwanza anamkopesha nani. Kwa Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Namba 5 ya 2019, iliyofuta ile ya 2009, chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii kikisajiliwa huwa mtu wa kisheria. Humiliki mali, hushitaki na hushitakiwa. Msajili ni meneja wa wilaya wa RUWASA, wakala wa maji vijijini ulioanza kazi Julai 1, 2019. Wafanyabiashara waliozoea kupeleka madai kwa mhandisi wa maji wa halmashauri wanagonga mlango usio wake.

Wengi hutelezea kwenye neno "kuvunja". Mkutano ukiwaka moto kwa sababu ya mapato yasiyoonekana, watu husema wamevunja chombo. Mara nyingi walichofanya ni kuwaondoa viongozi. Chombo kiko pale pale, na deni lake pia. Jina hubaki daftarini mpaka msajili aliondoe.

Njia nyingine ni kuunganishwa. Tangu 2019 RUWASA imekuwa ikikusanya vyombo vidogo kuwa kimoja kikubwa, chenye uwezo wa kuajiri fundi na mhasibu. Kwa wateja ni nafuu. Kwa mwenye kudai ni wakati wa kuwa macho, kwa kuwa linalohesabika ni hati ya makabidhiano: salio la benki, bili ambazo wateja hawajalipa, na madeni. Ankara isiyoandikwa humo itamsumbua mwenyewe. Wala asitegemee kung'oa pampu. Ile imewekwa kwa fedha za umma na kijiji kizima kinaitegemea.

Mjini mambo kama haya yamekwisha kuonekana. DAWASCO, iliyoundwa 2005 baada ya serikali kuvunja mkataba na City Water, iliunganishwa na DAWASA mwaka 2018. Mabomba hayakukauka kwa sababu jina limebadilika, na wateja waliendelea kulipa bili. Tofauti ni kwamba DAWASA ina wanasheria na mahesabu yaliyokaguliwa. Kijijini ushahidi wa deni huenda ukawa daftari moja la mweka hazina, naye ndiye aliyeondolewa.

Mwenye ankara apate sahihi na mhuri wa chombo, kisha nakala aifikishe kwa meneja wa RUWASA kabla makabidhiano hayajafungwa.