Anacheka, Lakini Mtazame Macho

Akina mama wenzangu, mnaijua baridi ya Lushoto mwezi wa Julai. Jioni moja ya mwezi huo tulijibanza katika ukumbi wa usharika, watoto mbele juu ya mikeka, sisi nyuma tumejifunga vitenge viwili viwili, tukaangalia sinema ya zamani isiyo na sauti. Ilikuwa The Kid, aliyoitengeneza Charlie Chaplin mwaka 1921.

Yule bwana wa kofia ya duara na suruali pana anaokota mtoto mchanga aliyeachwa. Birika analining'iniza kwa kamba liwe chupa ya maziwa. Kiti anakitoboa katikati kiwe choo cha mtoto. Watoto wetu walicheka mpaka wakagaagaa. Halafu wanakuja watu wa kituo cha yatima, wanampakia mtoto nyuma ya gari. Ananyoosha mikono, mdomo wazi, wala hatusikii kitu. Ukumbi mzima ukanyamaza.

Mtoto yule ni Jackie Coogan. Chaplin alisimulia katika kitabu cha maisha yake kwamba mtoto alishindwa kulia, ndipo baba yake alipomtisha kuwa atapelekwa kweli kwenye nyumba ya maskini. Mimi muuguzi sikuipenda njia hiyo hata kidogo.

Chaplin mwenyewe aliijua nyumba ya namna hiyo. Aliingizwa humo London mwaka 1896, akiwa na miaka 7, pamoja na mama yake Hannah na kaka yake. Hannah alikuja kuugua akili, akalazwa. Lakini katika siku zake njema alikaa dirishani akiwatazama wapita njia, kisha akawaigiza na kuwaeleza wanawe habari zao: huyu ametoka nyumbani kwa ugomvi, yule hajala. Mwanawe alisema hapo ndipo alipojifunza kumsoma binadamu.

Na Julai 1919 mtoto wake wa kwanza, Norman, aliishi siku 3 tu. Muda si mrefu baadaye akaanza kazi ya The Kid.

Bibi mmoja aliniuliza, “Mbona hawasemi?” Nikamwambia hata milimani kwetu picha ziliwahi kupigwa namna hiyo. Kati ya mwaka 1935 na 1937, pale Vugiri upande wa Korogwe, palikuwa na mradi wa kutengeneza filamu za kuwafundisha Waafrika mambo kama ugonjwa wa safura. Picha zilikuwa peke yake, na maneno yalikuwa kwenye santuri iliyopigwa pembeni. Bibi akacheka: “Kumbe sura huku, sauti kule!”

Neno lake limenikaa, kwa kuwa wodini ndivyo tulivyo. Mama aliyefiwa na kichanga ukimuuliza ameamkaje atakujibu “salama”, tena kwa tabasamu, kwa sababu wageni wamekwisha kumwambia asilie, atapata mwingine. Sauti ni nzima. Tazama mikono inavyokunja ncha ya khanga, ikikunjua, ikikunja tena. Katika miaka yangu ya kwanza niliandika kwenye faili “hali nzuri” nikaenda kitanda cha pili. Yuko mwenzake Chaplin, Buster Keaton, ambaye tangu utotoni jukwaani aliona kuwa watu humcheka zaidi asipotabasamu, akajulikana kwa uso mkavu katika sinema zake. Wagonjwa wa namna yake ninao pia, na hao ndio wanaonipita kwa urahisi.

Usiku ule tulipotoka ukungu ulikuwa umeshuka hadi barabarani. Mama mmoja ambaye humjua kwa utani wake kwenye mazoezi ya kwaya, na ambaye alikuwa amecheka kuliko watoto pale kwenye birika, alinishika mkono tukatembea bila kusema mpaka njia panda. Hapo akasimama.

“Wangu alikuwa na kilo mbili na nusu,” akasema. “Hakuna aliyeniuliza.”

Nikamuuliza jina. Tulisimama pale mpaka tochi ikaisha betri.