Picha ya gari la mbio: Mfunze mtoto kulifuata, si kulisogelea

“Mama, nisogee kidogo tu!”

Maneno hayo yalinitoa jasho Naivasha. Mwanangu wa miaka 14 alikuwa na simu mkononi, mguu mmoja tayari umevuka utepe. Tangu asubuhi alikuwa amepiga picha za magari zaidi ya thelathini na hakuna iliyompendeza. Nyingine zilikuwa vumbi tupu, nyingine gari limeganda kana kwamba limeegeshwa njiani. Kwa akili yake, dawa ilikuwa kukaribia.

Nilimvuta nyuma kwa kola ya shati. Punde si punde gari likapita kwa kishindo, kokoto zikaruka hadi pale alipotaka kusimama.

Tangu Safari Rally irudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021, baada ya kuwa nje tangu 2002, familia nyingi hufunga safari kwenda kuitazama, na karibu kila kijana hubeba simu. Mzazi, jambo ambalo sikulijua siku ile ni hili: picha inayoonyesha mwendo hutoka vizuri zaidi mpigaji akiwa pembeni na mbali kidogo. Anayejua mbinu hana haja ya kuvuka utepe.

Kwa nini gari huonekana limesimama?

Ndani ya kamera mna shata, yaani kitu kinachoamua mwanga uingie kwa muda gani. Kwenye jua kali, simu ikiachwa ijiamulie yenyewe huchagua muda mfupi sana, kwa mfano sehemu moja ya elfu ya sekunde (1/1000). Gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa husonga takriban sentimita 3 tu katika muda huo. Kila kitu huganda, hata magurudumu.

Ukirefusha muda hadi 1/60, gari hilo husonga karibu nusu mita. Ukishikilia kamera ikiwa imetulia, gari litakuwa ukungu. Lakini ukigeuka nalo kwa mwendo ule ule, gari hutulia kwenye picha, na vilivyo nyuma yake, miti, nyasi na watu, ndivyo huvutika kuwa mistari. Hapo jicho huona mbio.

Mbinu hii si ngeni. Mfaransa Jacques-Henri Lartigue, aliyeanza kupiga picha akiwa mtoto mdogo, alilifuata gari la mashindano kwa kamera yake akiwa bado kijana, kwenye miaka ya 1912 hivi. Gurudumu lilitoka limepinda kama yai na watazamaji wameinama upande wa pili, kwa sababu shata ya kamera yake ilishuka polepole naye hakugeuka kwa kasi ya kutosha. Leo ni miongoni mwa picha za magari zinazojulikana zaidi duniani.

Hatua za kumfunza

1. Mahali kwanza. Simameni nyuma ya utepe, pale gari linapopita kutoka upande mmoja hadi mwingine mbele yenu. Mwinuko ni bora. Msikae upande wa nje wa kona, kwa maana gari likiteleza huelekea huko. Mkiwa mbali, gari hupita taratibu zaidi machoni na ni rahisi kulifuata.

2. Miguu na kiuno. Aelekeze miguu pale atakapobonyeza, kisha ageuze kiuno kulipokea gari linakotokea. Viwiko avibane mbavuni.

3. Kasi ya shata. Kwenye kamera, chagueni S au Tv. Aanze na 1/250, akizoea ashuke hadi 1/125, kisha 1/60. Kamera iwekwe ilenge mfululizo, ili isipoteze gari linapokaribia. Kwenye simu yenye sehemu ya “Pro”, ISO iwe ya chini kabisa. Saa sita mchana picha za simu zitatoka nyeupe kwa mwanga mwingi, hivyo ajaribu asubuhi na mapema, jioni au penye kivuli.

4. Asikatishe. Aanze kulifuata gari likiwa bado mbali, abonyeze picha mfululizo, na aendelee kugeuka hata baada ya kubonyeza. Mpiga mpira hausimamishi mguu mara tu unapougusa mpira.

5. Vumbi. Simameni upande upepo unakotoka. Msibadilishe lenzi hapo njiani, na msipanguse kioo kwa shati. Tumieni brashi laini.

Mwambie mapema kwamba picha nyingi zitaharibika. Kati ya ishirini, moja au mbili nzuri zinatosha. Asipolijua hili, atadhani kosa ni umbali na ataanza tena kusogea.

Mazoezi ni nyumbani

Hakuna haja ya kungoja mashindano. Sisi tulianzia uani: dadake mdogo akizunguka kwa baiskeli, yeye akimfuata kwa simu kwa 1/30, kwa kuwa baiskeli si gari. Baada ya wiki mbili alihamia kwenye bodaboda, akiwa amesimama ndani ya lango letu.

Kabla ya kurudi Naivasha tulikubaliana sharti moja: msimamizi wa njia akisema rudini nyuma, tunarudi hapo hapo, picha imekamilika au haijakamilika.

Mara hii alisimama kando yangu, utepe ukiwa mbele yetu mbali kidogo. Hakuomba kusogea hata mara moja. Jioni alinionyesha picha aliyoichagua: gari limetulia, vumbi limejikunja nyuma yake, na migunga imegeuka mistari ya kijani. Tumeichapisha, iko ukutani sebuleni.