Je, Wajua? Breki Inaposhika na Kukataa Kuachia

Je, wajua kwamba Datsun 240Z, gari la michezo lililoshinda Safari Rally mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann na tena 1973 likiwa na Shekhar Mehta, lina breki za diski mbele na za dramu nyuma? Mwenye gari la umri huo hapa Nakuru ana mifumo miwili chini ya bodi moja, na kila mmoja hushika kwa namna yake. Ukimwambia fundi "breki zinashika" hujamwambia kitu. Mwambie ni gurudumu lipi.

Kwamba jibu la swali hilo huondoa nusu ya washukiwa? Likishika moja, tafuta pale pale: pistoni ya kalipa iliyoota kutu, pini zilizokauka, au mpira wa breki. Yakishika yote mawili ya mbele, au yote manne, panda juu kwenye masta silinda na busta. Yakiwa ya nyuma tu, anza na kebo ya handibreki.

Kwamba huhitaji kipimajoto? Endesha kilomita chache kwenye tambarare bila kukanyaga breki ovyo, simama, kisha dondoshea kila rimu tone la maji. Gurudumu linalochemsha tone ndilo linaloshika. Diski usiimwagie maji, na mkono uweke mfukoni.

Kwamba pistoni ya kalipa haina springi ya kuirudisha? Hurudishwa na sili ya mpira yenye pembe nne, inayopinda ukikanyaga na kujinyoosha ukiachia. Pistoni hurudi sehemu ya milimita tu, ndiyo maana kutu kidogo hutosha kuikwamisha.

Na hili ndilo la kukaa nalo. Kifaa bora cha uchunguzi ni skrubu ya kutolea hewa iliyo nyuma ya kalipa. Gurudumu likiwa bado limeshika, inua gari kwa jeki, weka stendi, kinga magurudumu mengine kwa mawe, kisha fungua skrubu hiyo. Gurudumu lisipolegea, tatizo ni la chuma: kutu, pini, kebo. Mafuta yakiruka na gurudumu likalegea, shinikizo lilikuwa limenaswa. Limenaswa wapi? Funga skrubu, kanyaga breki ili lishike tena, halafu legeza nati pale paipu ya chuma inapokutana na mpira. Likilegea hapo, kosa liko juu, kwa masta. Likikataa, mpira umevimba kwa ndani: mguu wako una nguvu ya kusukuma mafuta yapite, lakini hakuna kinachoyarudisha. Kwa nje unaweza kuonekana mpya. Kalipa ngapi nzima zimetupwa kwa kosa la mpira! Nazo kalipa za gari la miaka ya 1970 hazikai kila duka la spea.

Kwamba gari linaweza kutoka Section 58 hapa Nakuru likiwa jepesi na kufika Gilgil likijikokota, bila dereva kugusa kitu? Ndani ya masta mna kitundu kidogo ambacho lazima kiwe wazi mguu ukiwa nje ya pedali. Fimbo ya busta ikiwa ndefu kupita kiasi, kitundu huzibwa. Mafuta yakipata joto hutanuka, hayana pa kwenda, yanajibana yenyewe kwenye breki. Legeza nati mbili zinazoshika masta kwenye busta, ivute mbele milimita chache bila kugusa paipu. Magurudumu yakiachia, umempata mwizi.

Kwamba mafuta ya injini au ya gia yakimiminwa kwenye kikopo cha breki huvimbisha kila sili ya mpira mfumo mzima? Chota kidogo, tia kwenye glasi ya maji. Mafuta ya breki ya kawaida huchanganyika na maji. Yale mengine huelea.

Kwamba Nakuru, kwenye mwinuko wa mita 1,850 hivi, kanieneo ya hewa ni kama asilimia 80 ya ile ya Mombasa? Busta hufanya kazi kwa nguvu ya hewa hiyo, kwa hiyo pedali kuwa nzito kidogo huku si ugonjwa. Ugonjwa ni magurudumu kushika injini ikiwaka, na kuachia injini ikizimwa na pedali kukanyagwa mara kadhaa. Hapo busta imekwama.

Kwamba mafuta mapya ya DOT 3 hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 205, lakini yakishanywa maji kiasi cha asilimia 3.7 kiwango hushuka hadi 140? Breki inayoburuta huyapasha moto hata kabla ya mteremko. Ukiteremka kutoka Limuru kupita kanisa dogo la Mai Mahiu lililojengwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano mwaka 1942, pedali inaweza kuzama hadi sakafuni. Shuka kwa gia.

Kwamba vumbi lililoyasumbua magari ya kisasa Soysambu na Kedong, mashindano ya dunia ya rali yaliporudi Kenya mwaka 2021, halichagui? Kifuniko cha mpira cha pistoni kikichanika, linaingia na kugeuza grisi kuwa msasa. Safisha, kisha paka grisi ya breki. Ile ya beringi huharibu mpira.

Na kwamba wakati wa mvua, handibreki iliyovutwa wiki nzima inaweza kugandisha lainingi kwenye dramu? Egesha kwenye gia, weka jiwe nyuma ya tairi, na handibreki uiache chini.