Mbung'o Haachwi Nyuma kwa Kasi

Mwendesha baiskeli anayefuatana na kundi la kasi kutoka Mpanda hadi Sitalike, kwenye Hifadhi ya Taifa ya Katavi, hujibana nyuma ya mwenzake ili kukwepa upepo. Mbung'o hakwepeki hivyo. Huvutwa na kitu kinachotembea, hasa chenye rangi ya buluu au nyeusi, na huuma kupitia nguo nyepesi. Nazo nguo za mbio ndizo hizo hasa.

Mbung'o wachache tu hubeba vimelea vya malale. Hata hivyo, homa ikizuka wiki chache baada ya safari na kipimo kikaonyesha hakuna malaria, mgonjwa amweleze tabibu alikopita; tabibu naye atafute kidonda palipoumwa, kisha aagize damu itazamwe kwa hadubini. Malale ya Afrika Mashariki huweza kufika ubongoni ndani ya wiki kadhaa.